Mrudishieni May Ziadeh Vitabu Vyake

Kila litajwapo jina la May Ziadeh mbele ya wapenzi wa fasihi, jawabu huja hata kabla ya swali kwisha: "Ah, yule mpenzi wa Gibran." Na mazungumzo huishia hapo. Mwanamke aliyeandika makala, insha na wasifu, akahutubia, akafasiri, akatetea haki za wanawake wakati utetezi huo ulikuwa na gharama, hukunjwa akatiwa ndani ya bahasha ya mwanamume ambaye hawakuonana naye uso kwa uso hata siku moja. Naipinga kumbukumbu hiyo. Ni ya kivivu, na mbaya zaidi, ni ya dhulma.

May alizaliwa Nazareti mwaka 1886, baba yake Mlebanoni, mama yake Mpalestina. Alisomeshwa na watawa huko Antoura, Lebanon, kisha wazee wake wakahamia Misri, ambako baba yake aliliendesha gazeti la Al-Mahrousa. Kitabu chake cha mwanzo, cha mwaka 1911, kilikuwa diwani ya Kifaransa aliyoitoa kwa jina la kubuni, Isis Copia. Baadaye Kiarabu ndicho kilichokuwa makao ya kalamu yake, na katika Kiarabu hicho akaitia riwaya ya Max Müller kutoka Kijerumani. Sisi tufanyao kazi ya kufasiri tunajua jasho la kazi hiyo. Mbona basi hatumtaji kamwe kuwa mwenzetu?

Tangu mwaka 1913 aliweka baraza nyumbani kwake Cairo kila Jumanne. Walikaa hapo Taha Hussein, Abbas al-Aqqad, Ahmad Lutfi al-Sayyid, Khalil Mutran na wengineo ambao majina yao leo ni nguzo za fasihi ya Kiarabu. Watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa baraza ni nini. Tunajua kwamba haidumu kwa miaka mingi kwa sababu ya sura ya mwenyeji. Hudumu kwa sababu mwenyeji anajua kuuliza, anajua kusikiliza, na hamwachi mjuaji mmoja akayameza maneno ya wote. Lakini walioisimulia baraza ya May hawachoki kutuhisabia nani alimpenda mwenye nyumba. Alichokisema mwenye nyumba hawana nafasi nacho.

Nani miongoni mwa wasimulizi hao amefungua kitabu chake cha mwaka 1920 juu ya Malak Hifni Nasif? Malak, aliyejiita Bahithat al-Badiya, alizaliwa Cairo mwaka uleule wa 1886. Aliolewa Fayyum na mtu ambaye, kama alivyokuja kugundua, tayari alikuwa na mke, na akaandika dhidi ya ukewenza kwa ujuzi wa aliyeyaonja. Mwaka 1911 aliandika madai ya wanawake kwa ajili ya mkutano mkuu wa Wamisri, na madai hayo yakasomwa na mwanamume, maana mkutano ule haukuwa wa kusikia sauti ya mwanamke. Malak akafariki mwaka 1918, kijana bado. May, Mkristo, akakaa akamwandikia Muislamu huyu kitabu kizima. Tazameni alivyokipanga: akamtazama kwanza kuwa mwanamke, kisha Muislamu, kisha Mmisri, kisha mwandishi, kisha mhakiki, kisha mtengenezaji wa jamii, halafu akampambanisha na Qasim Amin, mtetezi mashuhuri wa wanawake wa zama zile. Hakuna humo mlango uitwao "mpenzi wa fulani." May alijua jinsi mwandishi mwanamke anavyostahiki kusomwa. Alituonyesha njia, nasi yeye mwenyewe tukamnyima.

Wala hakuishia hapo. Aliandika juu ya Warda al-Yaziji wa Lebanon na juu ya Aisha Taymur, aliyetunga kwa Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Alikuwa akiwaunganishia wanawake nasaba ya kalamu, ili binti atakayeandika kesho asijidhani wa kwanza. Na mwaka 1923 alitoa kitabu alichokiita Usawa, ambamo aliyajadili matabaka, utumwa, demokrasia na ujamaa. Utumwa! Neno ambalo hapa kwetu bado hutamkwa kwa kunong'ona, yeye alilitia kalamu.

Sasa tuje kwenye dhulma. Baba yake alifariki mwaka 1929, Gibran mwaka 1931, mama yake mwaka 1932. May akabaki peke yake na huzuni yake, bila mume, bila mtoto, na akiwa na mali. Jamaa zake wakamchukua hadi Lebanon, na mwaka 1936 akatiwa katika hospitali ya wendawazimu ya Asfuriyyeh, karibu na Beirut. Aligoma kula, akalishwa kwa nguvu. Mamlaka juu ya mali yake yakaondolewa mikononi mwake. Na wale wa Jumanne? Wengi wao walinyamaza. Waliosimama walikuwa wachache, akiwemo Amin al-Rihani, na magazeti ya Beirut yakaibeba kadhia yake. Mwaka 1938 May alipanda jukwaa la Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut akahutubia juu ya ujumbe wa mwandishi katika maisha ya Waarabu. Waliohudhuria wakajionea wenyewe iwapo huyu ni mwendawazimu. Akarudishiwa haki ya kuitawala mali yake, akarejea Cairo, na huko akafariki Oktoba 1941.

Wapo watakaoniambia: lakini mapenzi yale yalikuwa ya kweli, na barua zile ni fasihi. Sikatai. Walianza kuandikiana kiasi cha mwaka 1912 na hawakuacha mpaka kifo cha Gibran. Ila kitabu kilichotolewa mwaka 1979 na kuyaeneza mapenzi hayo kimekusanya barua za Gibran kwa May. Tunamsikia mmoja akisema, kisha tunadai kuwa tumewajua wawili. Wengine watasema huzuni ilimvunja kweli. Iwe hivyo. Tangu lini aliyefiwa akanyang'anywa funguo za nyumba yake kwa sababu analia? Mwanamume mwenye huzuni tumemwita mshairi.

Ndiyo maana nasema kumbukumbu yetu si ndogo ya kosa. Jamaa zake walitaka kumvua mali kwa kisingizio cha wazimu, na mahakama ikaja kumrudishia. Sisi tunamvua vitabu kwa kisingizio cha mapenzi, na hakuna mahakama ya kukata rufaa. Tofauti ni kwamba sisi tunafanya hivyo huku tunatabasamu, tukidhani tunamsifu.

Basi nawaambia wafasiri wenzangu wanaosoma Kiarabu, na visiwani humu hawakosekani: Gibran ana watumishi wa kutosha duniani, hana haja na mmoja zaidi. Chukueni kitabu cha May juu ya Malak, mkitie katika Kiswahili, mlango kwa mlango. Na mhariri atakayetaka kuandika kwenye jalada kwamba mwandishi alikuwa mpenzi wa mtu fulani, mkatalieni.