Mikoa ya Kusini Isitegemee Njia Moja

Mvua za masika zilipoandamana na Kimbunga Hidaya, kilichoifikia Mafia tarehe 4 Mei 2024, barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika katika wilaya ya Kilwa, upande wa Somanga. Maji yalichukua tuta na lami yake, mabasi na malori yakabaki yamejipanga huku na huku. Abiria wa Mtwara, ambaye kwa njia ya pwani husafiri kilomita zipatazo 560, hakuwa na njia nyingine ya gari ila kuzunguka kwa Songea, Tunduru na Masasi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Na mtu wa Nangurukuru, aliye umbali wa saa chache tu kutoka Dar es Salaam, ilimpasa kwanza auipe mji huo kisogo, ateremke Lindi, apande Masasi na Songea, ndipo ageuke kurudi kwa njia ya Iringa!

Hatusemi haya kwa kuwalaumu waliotumwa kuitengeneza njia hiyo. Walifanya kazi katika matope na mvua, na baada ya siku kadhaa magari yakapita. Mipango ya madaraja mapya ilifuata, nasi twaipongeza. Lakini wako waliosema kwamba balaa lile halikuweza kutazamiwa na mtu. Hapo hatukubaliani nao. Wazee wa Lindi hawajaisahau tufani ya mwezi Aprili 1952, iliyobomoa mji na kuua watu. Rufiji hufurika, Matandu hufurika, na Mbwemkuru vivyo hivyo. Mito hii yote huteremka kuelekea baharini, na barabara ya Kusini haina budi kuikata mmoja baada ya mwingine. Ajengaye hapo yampasa kuyapima maji ya mwaka mbaya, wala si ya mwaka mwema.

Wananchi wa Kusini wanajua subira ni nini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri alingoja kivuko pale Ndundu, na masika ikizidi alirudi nyumbani na mzigo wake. Hata daraja lilipokwisha kujengwa, kipande cha kilomita 60 hivi kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwatesa watu kwa miaka zaidi ya kumi kabla hakijatiwa lami yote. Reli nayo walikuwa nayo. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikaunganisha Nachingwea na pwani. Karanga zilipokosa kuota kama ilivyotazamiwa, reli ikaonekana haina faida, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichosalia cha maana ni bandari ya Mtwara, yenye kina cha asili ambacho miji mingi ya pwani ingetamani kuwa nacho.

Hapo ndipo penye neno letu. Twaona kwamba kosa kubwa halikuwa kujenga barabara. Barabara ilikuwa haki ya watu wale, nayo ilichelewa mno. Kosa lilikuwa kudhani kwamba lami ikifika, bahari haina kazi tena. Meli zilizokuwa zikichukua abiria na shehena kati ya Dar es Salaam na Mtwara ziliachwa zififie, hakuna aliyezililia. Matokeo yake kila kitu kikapakiwa juu ya njia moja: abiria, samaki, ufuta, mafuta ya magari, hata saruji iliyotengenezwa Mtwara kwenyewe, karibu na bandari, ikapandishwa malori kwenda kuuzwa Dar es Salaam. Kisha twashangaa lami inapopasuka! Lori la saruji na basi la abiria vinapogombania barabara nyembamba, mwenye kuumia twamjua.

Kilwa ilikuwa mji wenye sifa tangu kabla Ibn Battuta hajaufikia mwaka 1331, wala hakufika kwa gari. Na hadi sasa watu wa Mafia huvuka kwa chombo kutoka Nyamisati, kwa kuwa hawana njia nyingine ya bei wanayoiweza. Bahari wanaijua. Wanachokosa ni chombo kilicho salama, chenye saa yake ya kuondoka.

Gati jipya la mita 300 limekwisha kujengwa Mtwara. Kilwa Masoko nako jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa mwaka 2023. Fedha hizo nyingi za wananchi zisiishie katika kungoja msimu wa korosho peke yake. Twaomba iwepo meli ya pwani, ya abiria na mizigo, itakayopita Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara kwa siku zinazojulikana, kwa nauli ambayo mkulima wa Newala au mvuvi wa Kivinje ataweza kuilipa. Tutaambiwa kwamba meli kama hiyo haitaleta faida. Yawezekana, kwa miaka ya kwanza. Lakini je, ni nani aliyepata kuiuliza barabara kama inaleta faida? Hasara ya mama mjamzito aliyekwama Somanga, au ya mfanyabiashara ambaye samaki wake wameoza garini, haiandikwi katika daftari lo lote, ila ipo, na hulipwa na wale wasio na uwezo wa kuilipa.

Tena mizigo mizito ya Mtwara ikipelekwa bandarini, barabara yenyewe itapumua, na fedha za kuiziba kila mwaka zitapungua. Wizara inayohusika na mamlaka ya bandari yafaa wakae pamoja juu ya jambo hili sasa, wakati njia inapitika. Masika huanza mwezi Machi.