Vijana, Msiwe Manamba wa Kompyuta

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa manamba ni nani. Wazee wetu waliwaona wakishushwa kwa mamia, wametoka Kigoma, Songea, Iringa, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya mto Ruvuma, wakigawanywa kwenye mashamba ya mkonge kama shehena inavyogawanywa kwenye maghala. Mwaka 1944 wenye mashamba walijifungulia ofisi ya kuwaandikisha, ikajulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliingia mle ana baba, ana babu, ana ukoo na mji. Akatoka ana namba. Shambani akapewa kipande, kadi yenye vyumba 30. Ukimaliza ngwe ya siku, chumba kimoja kinatiwa alama. Ukiugua au ngwe ikikushinda, chumba kinabaki kitupu. Vyumba 30 visipojaa, mshahara huuoni.

Mimi ni mjukuu wa mmoja wao. Babu alikata mkonge, mimi natunga gemu za simu hapa Ngamiani. Kwa miaka mingi nilijiona nimevuka bahari asiyoivuka yeye. Yeye jua, mimi feni. Yeye miiba, mimi kiti cha kuzunguka. Umri umenifundisha kuwa nilitazama pasipostahili kutazamwa. Umanamba haukuwa kwenye jua wala kwenye miiba. Ulikuwa katika mambo matatu: lango si lako, chombo si chako, na jina lako halimo. Ninyi vijana mnaojifunza kutunga programu usiku kwa bando la kuungaunga, nisikilizeni, maana mambo hayo matatu yanawangoja.

Nianze na lango. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani hii kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kilichowatia hamu zaidi wenye kampuni kilikuwa forodha. Pembe za ndovu zikishuka kutoka bara, wao wanachukua chao. Sukari ya Pangani ikipakiwa, wao wanachukua chao. Hawakuhitaji kuwinda wala kulima, ilitosha kukaa mlangoni. Agosti mwaka huo wakala wao, von Zelewski, ambaye watu walimbandika jina la Nyundo, akapandisha bendera ya kampuni Pangani, na pwani ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim. Kampuni ilielemewa, ikabidi serikali ya Ujerumani ilete askari kuiokoa. Abushiri alinyongwa huko huko Pangani, Desemba 1889.

Wenye malango wa leo hawana bendera wala mizinga, nao hawamnyongi mtu. Ila kazi ya kukaa mlangoni wanaijua vilevile. Gemu nyingi za simu hazimfikii mchezaji ila kwa kupita duka la Apple au la Google, na kwa miaka mingi kila shilingi 100 aliyolipa mchezaji, 30 zilibaki mlangoni. Mwaka 2021 waliwapunguzia watunzi wadogo, wanaouza chini ya dola milioni moja kwa mwaka, ikawa 15. Ahsante yao. Lakini angalieni nani aliyepanga 30, na nani aliyeshusha hadi 15. Ni yule yule. Anayeweza kukupunguzia bila kukuuliza anaweza kukuongezea bila kukuuliza.

Na ushuru si ubaya mkubwa wa lango. Ubaya mkubwa ni kufungwa. Yalinikuta mimi. Asubuhi moja gemu yangu haikuonekana tena katika duka moja nisilolitaja. Barua ilisema nimevunja masharti. Sharti lipi, haikusema. Niliandika mara saba, na mara zote saba nilijibiwa na mashine, kwa adabu nzuri sana. Babu angeweza angalau kumfuata nyapara akamtazama usoni. Mimi nilikosa hata uso wa kuulaumu.

Nije kwenye chombo. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Alitoa miche 1,000 Florida, ikafika mizima 62, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote mnayoyaona kutoka Pangani hadi Korogwe. Sasa muulizeni mkulima yeyote wa Hale au Magoma: jani la mkonge lina thamani gani? Atawaambia halina thamani mpaka lipite korona. Korona ndiyo mashine inayokwangua jani ikabakisha singa. Katika kila kilo 100 za majani hupati hata kilo tano za singa safi. Na jani likishakatwa halingoji. Likikaa siku mbili tatu linakauka, kazi yako imepotea. Kwa hiyo unaweza kumiliki ardhi, ukamiliki na mkonge, lakini kama korona ni ya mtu mwingine, yeye ndiye anayeamua lini utavuna na utabakiwa na nini. Wakulima wadogo wa Korogwe wanaijua hesabu hiyo kuliko profesa yeyote.

Korona yetu sisi watunga gemu inaitwa injini. Ni programu kubwa inayobeba kazi ngumu, mwanga, mwendo, sauti, mgongano wa vitu, ili mtunzi ashughulikie mchezo wenyewe. Wengi wetu tulijifunza injini ya Unity, kwa sababu ilikuwa ya bure kwa mnyonge na ilifanya kazi vizuri. Tarehe 12 Septemba 2023 wenye Unity wakatangaza: kuanzia Januari, gemu ikishavuka kiwango fulani cha mapato na cha kupakuliwa, mtunzi atatozwa hadi senti 20 za dola kila mtu mpya anapoiweka kwenye simu yake. Haikujali kama mtu huyo amekulipa au hakukulipa. Haikujali kama gemu uliitoa miaka mitatu nyuma chini ya masharti mengine. Dunia nzima ya watunga gemu ilipiga kelele. Kabla Oktoba haijakwisha mkuu wa kampuni alikuwa ameondoka, na Septemba 2024 tozo hiyo ilifutwa kabisa.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama ushindi. Mimi naisimulia kama onyo. Mtu aliyekurudishia funguo alizokunyang'anya bado ndiye mwenye nyumba.

Sasa jina. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Atari ya Marekani ilikuwa inauza gemu kwa maelfu na maelfu, na katika maboksi yake halikuwemo jina la mtunzi hata mmoja. Mmoja wao, Warren Robinett, alipoona hivyo alijenga ndani ya gemu yake ya Adventure chumba cha siri, akaandika humo kuwa yeye ndiye aliyeitunga. Hakumwambia bosi. Fikirini: mtu mzima anaficha jina lake ndani ya kazi yake mwenyewe kama mwizi anayeficha mali ya wizi. Wenzake wanne waliacha kazi mwaka 1979, wakaanzisha Activision, na huko majina ya watunzi yakachapishwa juu ya boksi, wazi.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Activision ya manamba waliotoroka ilikua ikawa shamba kubwa lenye manyapara wake. Oktoba 2023 Microsoft iliinunua, yenyewe na kampuni zake, kwa karibu dola bilioni 69. Januari 2024, miezi mitatu baadaye, wafanyakazi 1,900 wa idara ya gemu ya Microsoft waliambiwa kazi zao zimekwisha. Fedha ya kununulia kampuni haikukosekana. Ya kuwalipa watu ndiyo iliyohesabika kuwa nyingi.

Wala msidhani haya ni ya Marekani tu. Jirani hapa, Nairobi, vijana waliajiriwa kupitia kampuni ya kati kuchuja uchafu wa Facebook, kutazama mchana kutwa watu wakichinjwa na watoto wakiteswa ili sisi tusiyaone. Walifungwa na mikataba ya siri, hata nyumbani wasiseme wanafanya kazi gani. Mei Mosi 2023 zaidi ya 150 kati ya watu wa kazi hizo walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Wengine walikwenda mahakamani, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kuwa Meta, mwenye Facebook, anaweza kushtakiwa Kenya ingawa makao yake yako ng'ambo. Manamba walijitaja majina, na lango likatikisika kidogo.

Najua nitaulizwa. Mbona wewe mwenyewe unakula kwa makampuni hayo hayo? Ni kweli, nakula. Bila malango hayo mtu wa Ngamiani asingemuuzia gemu mtu wa Brazil. Bila Hindorf hatungekuwa na mkonge, na bila mkonge Tanga isingekuwa Tanga. Sina ugomvi na mkonge. Ninachosema ni kwamba katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, tukajiona tumefika. Zikaja kamba za plastiki na nailoni, bei ikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunahangaikia tani 20,000. Mji uliotegemea zao moja, la kuuzwa kwa watu wasioujua, ulilala njaa kwa uamuzi ambao haukufanywa Tanga. Nani anajua nailoni ya kazi yetu itakuwa nini? Wengine wanasema imeshafika, hii akili bandia inayotunga programu na kuchora picha. Huenda. Likija la kuja, asiye na lango, chombo wala jina ndiye atakayefagiwa kwanza.

Wengine watasema: serikali ichukue. Ilishachukua. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na mkata mkonge akabadilishiwa bwana. Korona haikuwa yake kabla, na haikuwa yake baada. Mali ikiwa ya ofisi ya mbali, haidhuru ofisi hiyo iko Ulaya au Dar es Salaam, mkataji hubaki mkataji.

Tufanyeje basi? Nasema manne, na yote yanawezekana kwa mtu wa kipato chetu.

La kwanza, jifunzeni chombo kisicho na bwana. Ipo injini inaitwa Godot, iliyoanzishwa na Waargentina wawili na kuachiwa watu wote tangu 2014. Hakuna wa kukutoza, na ukitaka kuifungua uone ilivyofungwa ndani, unaifungua. Ni kama bao la kete: mashimo 32, kete 64, na sheria zinazokaa vichwani mwa wachezaji wa barazani. Hajazaliwa wa kuwaambia wazee wa Chumbageni kuwa kuanzia mwezi ujao kunamua ni kwa malipo.

La pili, msiweke kila kitu nyuma ya lango moja. Uzeni dukani, lakini uzeni na nje ya duka, kwa malipo ya simu, kwa shule, kwa anayewajua. Mteja anayekujua kwa jina hafutwi na mashine.

La tatu, ungeni ushirika. Najua neno hili limechakaa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na kabla ya hapo na baada ya hapo wako walioibiwa wakiambiwa ni chao. Kwa hiyo anzeni wadogo, watu watano, na daftari la hesabu likae mezani, kila mtu alifungue apendapo. Kule Bordeaux, Ufaransa, kampuni ya Motion Twin iliendeshwa hivyo na wafanyakazi wenyewe, mshahara sawa na kura sawa, wakatunga Dead Cells, gemu iliyouzwa dunia nzima. Hawakuwa malaika. Walikuwa wachache wanaoaminiana.

La nne, chagueni kazi. Mtafuatwa na wenye fedha za haraka wanaotaka mwatungie dubwi za kwenye simu, mashine za kumeza hela za vijana wenzenu wanaoamka na mkeka wa kubeti na kulala na mkeka. Watalipa vizuri, na sharti lao la kwanza litakuwa jina lako lisionekane. Kwa sharti hilo tu jueni ni kazi ya aina gani. Kazi usiyoweza kumwonyesha mama yako, hata ikijaza mfuko, iacheni.

Mwana wa Vibambani, mshairi Shaaban Robert, alikuwa karani wa forodha. Alikaa mlangoni pa watu akiandika mizigo ya watu, kwa mshahara wa watu. Wakuu wake wa forodha hakuna anayewakumbuka leo. Yeye tunamkumbuka, kwa sababu usiku alikuwa na kazi nyingine, ya uandishi, na chini ya kazi hiyo aliandika jina lake.

Basi leo usiku, mkikaa mbele ya kompyuta, kabla ya mstari wa kwanza wa programu andikeni juu kabisa majina yenu matatu, lako, la baba na la babu, kama mnavyoyaandika kwenye fomu ya serikali. Kisha ndiyo muanze kazi.