Kama unajua kuchagua ndizi Daraja Mbili, mvinyo usikutishe

Juzi kwenye bathdei ya rafiki yetu hapa Kisii, mtu alileta chupa ya mvinyo mwekundu: Shiraz iliyochanganywa na Cabernet Sauvignon. Mmoja akaonja, akafumba macho, akasema, "Hii ni noma!" Sote tukaitikia. Nami niliitikia, ilhali nilichohisi ni ulimi kukauka tu. Punde soda ikamiminwa ndani, chupa mbili zikaisha chapchap.

Nauliza: tulikunywa mvinyo au lebo?

Ndugu msomaji, usidanganywe kwamba kuonja mvinyo ni kazi ya mabwanyenye. Pale soko la Daraja Mbili hununui avokado kabla ya kuibonyeza, wala nanasi kabla ya kulinusa. Pua na ulimi unavyo tayari.

Mimina kidogo tu. Zungusha glasi, nusa, kisha piga funda dogo na ulikalishe mdomoni. Shiraz hunukia matunda meusi na pilipili manga. Hiyo pilipili si maringo ya waandika lebo. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kuwa rotundoni, kemikali inayoipa pilipili manga harufu yake, imo pia kwenye zabibu hizo. Na ule ukakasi unaokaza ulimi? Ni tanini, kama ya ndizi mbichi au strungi iliyokolea. Cabernet huongeza ukakasi huo ili utamu wa matunda ya Shiraz usilegee.

Sasa unajua unachotafuta. Usipokipenda, sema wazi. Ulimi ni wako, na pesa ni zako.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14 ya kileo ni sawa na bia tano za nusu lita zenye asilimia 4.2. Ukiibugia na soda huhisi kitu, hadi unapopanda boda usiku.

Wazee wetu walikizunguka chungu kimoja cha busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakapiga gumzo hadi jua likazama. Sisi tunakimbilia wapi? Kama umetimiza miaka 18 na umeamua kunywa, basi onja. Anayeonja hutosheka na glasi moja. Anayebugia hata ladha aliyoilipia haijui.