Kijana, kabla ya kutuma pesa za mbwa, mwone mama yake kwanza

Umeiona ile posti. Kijibwa cha wiki chache, masikio bado yamelala, kimekalishwa juu ya kiti cha plastiki. Chini yake maneno: "German Shepherd asilia, asilimia mia. Wamebaki wawili tu. Lipa M-Pesa, tunakuletea hadi mlangoni." Moyo unakwenda mbio. Tayari unajiona unatembea naye ufuoni Bofa jioni, watu wanageuza shingo.

Subiri kidogo. Usitume hizo pesa bado. Sikuambii hivi kwa kuwa nachukia mbwa. Kwetu Malindi mtaani tunaitwa "watu wa mbwa", na wewe wajua Pwani hilo si jina la sifa.

Tuliingia mambo haya bila kupanga. Baba alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya Mwitaliano. Utalii ulipoyumba miaka ya 2014 na 2015, hoteli zikafungwa, na wageni wengi wakafungasha virago. Bosi wa baba naye akaondoka. Akamwachia baba mshahara wa mwezi, baiskeli, na dume la German Shepherd aitwaye Leone. Mama alipomwona langoni alisema, "Baba watoto, sisi wenyewe twala mara mbili, huyu atakula nini?"

Alikula tulichokula: ugali, dagaa, na mabaki ya nyama kutoka kwa muuza nyama aliyemhurumia baba. Akawa mlinzi wetu. Na watu wakaanza kuja: "Mzee, tuletee jike tupate mbegu."

Hapo ndipo tulipojifunza somo la kwanza. Leone alikuwa mzuri wa kutazama, lakini hakuwa na karatasi. Mbwa wa nasaba si sura wala mkia. Ni daftari. Hiyo aina yenyewe ina umri wa kuhesabika: chama chake cha kwanza kiliundwa Ujerumani mwaka 1899, pale Max von Stephanitz alipoanza kuandika nani kazaliwa na nani. Hapa kwetu anayeshika daftari ni East Africa Kennel Club, kule Nairobi. Na kanuni ya daftari la namna hii ni nyepesi: mtoto huandikwa kwa sababu baba na mama yake wameandikwa. Sisi wa Pwani hatuhitaji kufunzwa hilo. Tunao wazee wanaokutajia babu saba bila kukohoa. Basi mtu akikwambia mbwa wake ni "pyua", muulize tu: ni mwana wa nani?

Tuliweka akiba karibu miaka miwili. Tukanunua jike bara, mwenye hati na chipu chini ya ngozi. Tukamwita Zawadi. Dada yangu ndiye aliyemfundisha kusimama na kukimbia kwa hatua za kupendeza. Ilibidi wafanye mazoezi saa kumi na moja alfajiri kwenye mchanga wa Silversands, kwa sababu mbwa mwenye manyoya mazito akikimbizwa juani Malindi anaweza kufa kwa joto.

Alfajiri ilitufaa kwa sababu nyingine pia. Jirani yetu ni mzee wa msikiti. Alimwita baba kando, kwa heshima, akamwambia: "Jirani, mbwa wa ulinzi sina neno naye. Shida ni akinigusa kwa ute wake niko njiani kuswali." Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, mahali hapo panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Baba hakubisha. Alipandisha ua, akabadilisha njia ya kutembeza mbwa. Mpaka leo wanapelekeana mahamri. Ukitaka kufuga mbwa mtaa wenye watu wa dini zote, anza na ua na adabu, kisha ndiyo uende kutafuta mbwa.

Maonyesho yetu ya kwanza yalikuwa Jamhuri, Nairobi. Tulisafiri usiku kucha kwa pikapu ya kuazima, karibu kilomita mia sita. Tulipofika tukaona magari makubwa, mbwa waliochanwa manyoya hadi yanang'aa, na watu wenye viti vya kukunja na chai kwenye chupa. Dada alikuwa amevaa viatu vyake vya shule. Mwamuzi alimfungua Zawadi mdomo, akahesabu meno, akampapasa mgongo, akamtazama anavyokwenda na kurudi. Kundi lao lilikuwa la mbwa wanne. Tukawa wa tatu. Baba alilia kidogo, akasema ni vumbi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye uzito. Tulirudi na utepe, na simu hazikukoma kulia. Wateja wawili walilipa malipo ya awali hata kabla Zawadi hajapandwa. Karo ya dada chuoni ilikuwa inadaiwa, na kwa hesabu ya mama, uzao mmoja ungelipa yote na chenji ibaki. Daktari wa mifugo akatushauri tumpige picha ya eksirei ya nyonga kwanza, kwa sababu aina hii ina ugonjwa wa nyonga unaorithiwa. Tukampiga. Picha ikaja mbaya.

Usiku ule hatukulala. Mama alisema, "Mara moja tu. Anatembea vizuri, ana karatasi, ana utepe. Nani atajua?" Mimi, nakiri, nilikuwa upande wa mama. Baba alinyamaza sana, kisha akasema: "Atajua yule atakayembeba mbwa wake mikononi kumpeleka kukojoa, naye ana miaka minne tu."

Tulimfunga uzazi. Tukarudisha pesa za watu. Dada alikaa nyumbani muhula mzima, na chakula cha usiku kilikuwa kimya kwa wiki kadhaa. Zawadi yuko hai, amelala barazani ninapoandika haya. Ilipita miaka miwili mingine ndipo tukapata jike mwenye nyonga safi, na uzao wetu wa kwanza wa halali ukawa wa watoto sita. Ukiondoa chakula, chanjo, dawa za kupe na safari, faida yake haikununua hata pikipiki. Anayekwambia mbwa ni utajiri wa haraka, mbio zake ni za sakafuni.

Ndiyo maana posti ile inanikera. Karatasi peke yake haitoshi, Zawadi alikuwa nayo. Unachonunua hasa ni uaminifu wa mtu aliyeketi na picha mbaya mkononi na karo kichwani. Huyo mtu humuoni kwenye WhatsApp. Nenda kwake. Mwone mama wa vijibwa, anavyotembea na anavyokaa na watu. Uliza picha za nyonga za wazazi wote wawili. Omba kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari. Usikubali kijibwa kilichoachishwa ziwa kabla ya wiki nane. Na muuzaji akikwambia mkutane steji tu, achana naye.

Utaniuliza: kwani lazima? Si haya ni mambo ya Wazungu tu? Swali zuri. Kuna mbwa anaitwa basenji. Ni mbwa wa Kongo, wa kuwinda, habweki kama wengine. Mwaka 1937 alionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts, watu wakajaa kumtazama. Leo ana daftari lake na bei yake. Na hilo jina? Ni ndugu wa neno letu "washenzi". Mbwa wa kijijini, yule yule ambaye hapa tungemtupia jiwe na kumwita mbwa koko, aliandikwa kitabuni akawa mbwa wa nasaba. Damu yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alimwangalia kwa makini na kuandika alichokiona.

Kwa hiyo kama unachotaka ni mlinzi na rafiki, huhitaji cheti. Yule wa kienyeji anayezunguka sokoni amezoea jua hili kuliko Leone alivyowahi kulizoea. Mchukue, mlishe, mfunge uzazi, mchanje. Hilo la mwisho halina mjadala. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na takriban visa vyote vya watu hutokana na kuumwa na mbwa. Mpango wa Kenya wa 2014 hadi 2030 unataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe kila mwaka. Virusi havisomi hati ya nasaba.

Na kama unautaka mchezo wa maonyesho kwa dhati, karibu. Tunahitaji vijana wa Kilifi na Malindi pale Jamhuri, hata wakiwa na viatu vya shule. Lakini ingia ukijua kuwa siku moja utawekewa mezani picha mbaya, na wateja wakiwa tayari wamelipa. Amua leo utafanya nini siku hiyo. Kama jibu lako ni "nani atajua?", mwache kijibwa wa watu palepale kwenye kiti cha plastiki, uhifadhi pesa zako.