Jaketi Okozi Halikushonewa Televisheni

Alfajiri moja ya mwezi wa Julai, tulipokuwa mkoani Kigoma kwa shughuli za kikazi, tulifika Kibirizi, mwendo mfupi kaskazini ya mji wa Kigoma, tukasimama kutazama maboti ya mbao yakipakiwa. Wenyeji wa huko huita mahali kama hapo mwalo. Sisi wa visiwani tungesema diko. Hapo ndipo yanapoondokea maboti ya kwenda vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, hadi Mwamgongo na Kagunga karibu na mpaka wa Burundi.

Miongoni mwa abiria alikuwamo mwalimu aliyehamishiwa kijiji kimojawapo cha huko. Nyumba yake yote ilikuwa mchangani: kitanda kilichofunguliwa, magodoro mawili, mtungi wa gesi, masufuria ndani ya beseni, na televisheni bapa ya inchi 55, ile vijana waiitayo flati. Boksi lake la dukani lilikwisha tupwa zamani. Mkewe aliizungushia blanketi, kisha kitenge, akafunga kwa kamba. Wachukuzi waliingia majini hadi mapajani wakaipokeza botini. Nahodha, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mwalimu, hakutaka kioo kile kilale juu ya mbao tupu. Akachukua majaketi okozi, yale ya rangi ya chungwa, akayapanga chini yake, akayakandika ubavuni, na moja akaliweka juu.

Kisha abiria wakapanda. Walikuwamo akina mama na watoto wachanga mgongoni. Wakakaa juu ya magunia, bila ya jaketi hata moja.

Jioni tulipata habari kwamba chombo kilifika, na kwamba televisheni haikupata hata mkwaruzo. Watu wote walifurahi. Sisi hatukufurahi. Tena hatuna budi kukiri kwamba aibu hii inatuhusu na sisi, kwani tulisimama pale tukaona kwa macho yetu, na hatukutamka neno mpaka chombo kilipokwisha ondoka.

Hatuandiki haya kwa kumsimanga mwalimu. Wala hatukubaliani na wale watakaosema: mtumishi wa umma kijijini, televisheni kubwa ya nini? Fikra hiyo imepitwa na wakati. Sisi wa Zanzibar tulianza kuwa na televisheni yetu, tena ya rangi, mwaka 1973, hali Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo. Hatuwezi sisi tuliotangulia kumwambia mwalimu wa ukingoni mwa nchi kwamba habari, mpira na mafunzo ya televisheni ni anasa kwake. Mali ile ameipata kwa jasho lake, ana haki ya kuwa nayo, na ana haki ya kufika nayo ikiwa nzima.

Swali letu ni jingine: kwa nini usalama wa kioo uliazimwa kutoka katika usalama wa watu?

Jawabu ni kwamba hapakuwa na mwengine aliyeutengenezea mzigo ule usalama wake. Mwenyewe hakuufunga ipasavyo, ofisi iliyomhamisha haikumwezesha kuufunga, na chombo hakikuwa na mahali pake pa kuuweka. Mambo hayo matatu yalipokosekana, kilichobaki cha kukingia ni majaketi.

Yafaa ieleweke kwamba elimu ya kufunga mizigo si ngeni katika njia hiyo ya Kigoma. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka mwambao huu wetu kwenda Ujiji ilibeba nguo, shanga na nyaya kwa miguu miezi na miezi. Nguo zilikazwa zikawa mtumba, na neno hilo tungali nalo hadi leo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, na ulifungwa kwa kuzingatia bega litakaloubeba, mvua itakayounyeshea na mto utakaovukwa.

Mfano mkubwa zaidi umo katika ziwa lenyewe. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo inatengenezeka, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikiwa mitambo ya chuma ilikaa chini ya maji kwa miaka karibu minane ikasalimika, kwa sababu ya mtu aliyejua la kufanya kabla ya safari, je, kioo cha mwalimu kitashindwaje kustahimili safari ya saa chache?

Basi na tuseme yanayompasa mwenye mali. Televisheni za zamani, zile zenye chogo, zilikuwa nzito kama jiwe, na kioo chake kilikuwa kinene; ziliweza kustahimili misukosuko mingi. Hizi za sasa si hivyo. Kioo cha aina iliyoenea zaidi ni tabaka mbili nyembamba, kila moja haifiki unene wa milimita moja, na kati yake umo umajimaji unaofanya picha. Kioo hicho kinashikiliwa na fremu kandokando tu. Katikati hakina mhimili. Ukikilaza, kila chombo kinapopigwa na wimbi katikati huchezacheza, na kitu kizito kikiwekwa juu huvunjika bila ya kutoa sauti. Mwenyewe hujua siku anapowasha akaona mistari na weusi kama wino uliomwagika.

Kwa hiyo televisheni ya namna hii husafiri imesimama, haisafiri imelala. Ya inchi 55 ina upana wa kama sentimita 122 na kimo cha kama sentimita 69. Yatosha kuipimia fremu nyepesi ya mbao, kazi ambayo seremala yeyote wa Ujiji au wa Mkokotoni anaiweza. Boksi lake na vile vipande vyeupe vyepesi vilivyokuja ndani yake visitupwe. Mtumishi wa umma ajue kwamba siku moja atahamishwa. Kama boksi halipo, kioo kifunikwe kwanza kwa kitambaa laini kisicho na mchanga, kisha ubao mwembamba au katoni ngumu inayoegemea fremu na si kioo, kisha blanketi, na mwisho nailoni ya kuzuia maji. Miguu yake ifunguliwe, na skrubu zake zitiwe katika mfuko na kufungwa pamoja na waya. Kamba isipite juu ya kioo. Wachukuzi wawe wawili, washike chini na pembeni, vidole visibonyeze mbele.

Botini iwekwe katikati ya chombo, chini, lakini juu ya ngama isipate maji, mbali na mashine na mafuta, ifungwe pande zote mbili isiyumbe, na pasiwe na gunia la kuiegemea. Ikishafika isiwashwe papo hapo. Iachwe hadi kesho yake ili unyevu uliongia upate kukauka. Haya yote hayazidi gharama ya mbao chache na saa mbili za kazi, na hayahitaji hata jaketi moja.

Lakini tungekuwa tunadanganya tukisema kwamba mambo yanaishia kwa mwenye mali. Mwalimu hakwenda kijijini kwa matembezi. Alitumwa. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinatambua haki ya mtumishi anayehamishwa kusafirishiwa familia na mizigo yake, na si mara moja Serikali imekwisha sisitiza kwamba mtumishi asihamishwe kabla ya kulipwa stahili zake. Pamoja na hayo, malalamiko ya madeni ya uhamisho ni wimbo wa zamani katika mikutano ya walimu na wauguzi. Mtu anayehama kwa fedha za kukopa hupanda chombo cha rahisi, siku yoyote, pamoja na abiria yeyote, na hufunga vitu vyake kwa kitenge. Ofisa anayetia saini barua ya uhamisho bila ya kuangalia njia atakayopita mtumishi, naye amelishika lile jaketi okozi akaliweka chini ya televisheni.

Maofisa wetu wazingatie pia majira. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu katika Ziwa Tanganyika, sawasawa na kusi yetu huku. Ziwa lile lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina chake kinafika karibu mita 1,470, si bwawa. Na vijiji vya ukingo ule wa milima hutegemea maji kwa kila kitu. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walipokimbilia Kagunga, ilibidi wachukuliwe kwa maji kuletwa Kigoma, na Liemba ikiwa miongoni mwa vyombo vilivyowabeba. Kwa watu wa mwambao ule boti ndilo basi, ndilo lori, na ndilo gari la wagonjwa.

Serikali, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, imetia fedha katika kujenga bandari za Kibirizi na Ujiji, na kwa hilo inastahili pongezi. Lakini mzigo una ncha mbili. Mali inayopandia kwenye gati na kushukia kwenye mawimbi, juu ya bega la kijana anayetafuta pa kukanyaga, bado haijapata bandari. Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji mkopo wa nje. Kwanza, halmashauri zipange siku maalumu za boti la mizigo, ili mizigo ya nyumba isichanganywe na abiria. Pili, kila kijiji kiwe na daraja jepesi la mbao la kushushia watu na vitu. Tatu, malipo ya uhamisho yatolewe kabla, na ndani yake zihesabiwe gharama za kufunga na kupakia.

Na nyinyi manahodha, tunakuombeni jambo moja tu. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya kwanza ni abiria aliye hai. Hesabuni watu kwanza, kila mmoja avae jaketi lake kabla ya mashine kuwashwa, kisha nafasi iliyobaki ndiyo ya mizigo. Mzigo usioenea ungoje. Mkipokea mali ya mtu, andikeni risiti yenye kueleza ilikuwa katika hali gani, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliosomeshwa chuoni tukiwa wadogo tulifunzwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyopokewa. Televisheni ni amana, hatukatai. Lakini mtoto aliye mgongoni mwa mamaye ni amana iliyo kubwa zaidi.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza: Kibirizi i mbali, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Nani kati yetu hajaona friji, magodoro na televisheni vikipandishwa katika chombo cha kwenda Mkoani au Wete, au katika kidau cha kuvukia Tumbatu na Kojani? Nani kati yetu amesahau usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi, tukazika mamia ya ndugu zetu? Na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria, wakafa zaidi ya watu 220, nayo pia ilikuwa imejaza kupita uwezo wake. Baada ya misiba hiyo tulilia, tukaunda tume, tukasema haitatokea tena. Kutotokea tena hakuanzii katika ripoti za tume. Kunaanzia asubuhi ya kawaida, mwaloni, pale nahodha mwema anapotaka kumfanyia hisani mwalimu mwema.

Shirika la Uwakala wa Meli kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar, wana sheria na wana wakaguzi. Tunawaomba wawatume alfajiri, saa maboti yanapopakiwa, wala si saa tatu yanapokuwa yamekwisha kwenda. Wasihesabu majaketi tu kama yapo chomboni. Siku ile Kibirizi yalikuwapo. Waangalie yamevaliwa na nani.