Maji moto na mikakao

Kabla ya kununua pampu nyingine ya dawa, mkulima wa kakao wa Kyela aangalie kwanza ni chungu gani wanaoishi katika mikakao yake. Huko Java, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima waliwawekea chungu weusi viota vya majani makavu wawakinge na Helopeltis, jamaa wa mbu wa mikorosho, anayefyonza na kutia madoa matunda ya kakao. Kwetu, utafiti wa kituo cha Naliendele umeonyesha kwamba chungu waitwao maji moto hupunguza mashambulizi ya mbu huyo kwenye korosho. Kuna wanaopinga kutumia chungu, na hoja yao nzito si kuumwa, ingawa wavunaji wana haki ya kulalamika; ni kwamba chungu hufuga vidung'ata kwa ajili ya utamu wao, na Afrika Magharibi vidung'ata ndio waenezao virusi vinavyovimbisha matawi ya mkakao. Tena wapo chungu wanaojenga kwa udongo juu ya matunda na kupandisha vimelea vya uozo. Ni kweli, lakini hoja hiyo inakataza kuchagua ovyo, haikatazi chungu wote. Dawa nayo haichagui: huua mlaji na mliwaji pamoja, kisha wafyonzaji hurudi na kukuta ulinzi umeondoka. Maofisa ugani wafundishwe kuzitambua aina za chungu, na majaribio yafanyike katika mashamba ya wakulima wenyewe.