Gari la Fahari: Thawabu, Stara au Mzigo?

  

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona tulizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo na lisilostahili kurasa hizi, nalo ni gari. Hatukusudii lori la mizigo wala Hiace ya abiria. Tunakusudia lile gari dogo la fahari, la milango minne, ambalo mtu hulinunua kwa matumizi yake ya kila siku: BMW ya Series 3, Mercedes-Benz C-Class, Audi A4, au Toyota Mark X, ambayo vijana wetu wengi huiota. Simama jioni moja karibu na Mnara wa Saa, au kando ya njia nne inayotoka Sakina kwenda Tengeru, utayaona yakipita. Swali letu ni moja tu: je, dini yetu ina la kusema juu ya jambo hili?

Ndiyo, inalo. Katika Sura An-Nahl, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni neema tuliyopewa ili tuwapande, na pia wawe pambo. Kisha anatukumbusha kwamba anaumba na tusivyovijua. Basi kipando kizuri si haramu, na pambo lake si dhambi. Sayyidna Uthman na Abdulrahman bin Auf (R.A.) walikuwa matajiri wakubwa, na hakuna aliyewaambia kwamba ucha Mungu ni kuvaa matambara. Anayesema kwamba Mwislamu mwema lazima aende kwa miguu anaisingizia dini.

Lakini Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim, alitufundisha kwamba farasi huwa wa namna tatu kulingana na mwenye kumfuga. Kwa mmoja ni thawabu, kwa sababu amemweka kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kwa wa pili ni stara, kwa sababu anajitosheleza kwaye asiwe omba omba, na wala hasahau haki ya Mola wake katika mali hiyo. Kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi, kwa sababu amemfuga kwa kujifakharisha na kujionesha. Tuzingatie kwamba mnyama ni yule yule, na hukumu inabadilika kwa nia na matumizi ya mwenyewe. Badala ya farasi tukiweka gari, mizani haitabadilika.

Sisi watu wa Arusha tunapaswa kulielewa somo hili haraka kuliko wengine. Mji wetu ndio uliolipa jina Azimio la mwaka 1967, lililowakataza viongozi mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Zama zile Waswahili walikuwa wameshabuni neno "wabenzi" kwa wakubwa waliojitenga na umma wao kwa vioo vya Mercedes. Mwaka 1991, kwa uamuzi uliokuja kuitwa Azimio la Zanzibar, masharti yale yalilegezwa. Mwaka huo huo wa 1967 ndio tanzanite iligunduliwa Mererani, na tangu hapo mji huu umewaona wanaapolo waliotoka shimoni na utajiri wa ghafla, wakaumalizia kwenye magari, na jiwe lilipokata wakayauza kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo hatuhitaji mfano wa kutoka mbali.

Na tuitazame hesabu yenyewe, maana Mwislamu haingii katika mali kwa kufumba macho. Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya mameneja wa Ulaya na Japani. BMW ilianza Series 3 mwaka 1975, Mercedes ikaleta C-Class mwaka 1993, na Toyota ikaitengeneza Mark X tangu mwaka 2004 hadi 2019. Mengi yanayotufikia yameshatembea miaka mingi kwa wenzetu, ndiyo maana bei yake ya kununulia inavutia. Juu ya bei hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka. Lakini mtego mkubwa uko mbele zaidi. Bei ya gari la fahari huporomoka kwa umri, ilhali bei ya vipuri vyake hubaki ya gari la fahari. Mtu hununua kwa mfuko wa Vitz, akatunza kwa mfuko wa meneja wa Munich. Gari lenyewe liko chini, na njia zetu za kupanda Ilboru na Sekei, huku chini ya Mlima Meru, zina mawe wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Shokomzoba na bushi hazichelewi kudai haki yao.

Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia riba. Tuchukue mfano. Mtu anakopa Sh. 20,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, alipe kwa miaka minne. Kila mwezi atatoa takribani Sh. 567,000, na mwisho atakuwa amelipa zaidi ya Sh. 27,000,000. Milioni saba zimekwenda bila kununua hata tairi moja. Na zingekuwa elfu saba tu, hukumu ingekuwa ile ile, kwani riba imeharamishwa kwa uchache wake na kwa wingi wake, na Qur'an imeitangazia vita katika Sura Al-Baqara. Kibaya zaidi ni ile mikopo ambayo mitaani inaitwa "kausha damu". Kadi ya gari hubaki kwa mkopeshaji, na mwenye gari huendesha mali ambayo usiku mmoja inaweza kuondoka uani kwake. Je, huyu anamiliki au anamilikiwa?

Tukiambiwa hakuna njia nyingine, tunajibu kwamba ipo. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina Amana Bank, na mabenki mengine yamefungua madirisha yanayofuata sharia. Katika murabaha, benki hulinunua gari kwanza, likawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei inayojulikana, na bei hiyo haipandi kwa kuwa umechelewa. Lakini soma mkataba kabla ya kutia saini. Benki ikiwa haikulimiliki gari hata kidogo, jina la Kiarabu peke yake halitaigeuza riba kuwa biashara. Njia nyingine ni kusubiri na kuweka akiba. Subira nayo ni ibada, hata kama haina rimu za kung'aa.

Kuna madhara mengine yasiyomo katika hesabu za shilingi. Sura Al-Qasas inatusimulia jinsi Qarun alivyowatokea watu wake katika mapambo yake. Walioitaka dunia walitamani kupewa mfano wa alichopewa, na waliojaaliwa elimu wakawaonya kwamba malipo ya Mwenyezi Mungu ni bora zaidi. Siku iliyofuata, baada ya ardhi kummeza, wale waliotamani ndio waliogeuza kauli. Tunachokiona katika kisa hiki ni kwamba pambo la mtu mmoja lilikuwa mtihani kwa umma mzima. Kijana wa Unga Limited au Ngarenaro anayekuona ukipita anajifunza kitu kwako. Akikuona unalipa madeni, unamtunza mama yako na unamchangia mwalimu wa madrasa, atajua kwamba mali inaweza kukaa pamoja na dini. Akikuona una gari zuri na mwalimu wa mwanao anadai miezi mitatu, atajifunza somo jingine kabisa.

Yapo pia masuala ya zaka. Gari la matumizi binafsi halitolewi zaka, ila gari la kuuza huingia thamani yake katika hesabu, na hutolewa asilimia 2.5 nisabu na mwaka vikitimia. Basi asije mtu akazigeuza fedha zake zote kuwa gari, kisha akajiona amesalimika na haki ya masikini. Mwenyezi Mungu anaijua nia iliyokuwa ndani ya kila shilingi.

Tusisahau haki ya njia. Siku ya Ijumaa utakuta gari la mtu aliyekuja kumsujudia Mola wake limeziba mlango wa jirani, ambaye pengine si Mwislamu, na huo ndio uislamu pekee atakaouona wiki hiyo. Penye makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, lakini injini ya silinda sita humnong'oneza kijana maneno mengine. Damu ya mwenda kwa miguu pale Tengeru ina uzito mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko gari lolote.

Kwa hiyo tunamshauri kila anayetaka kununua ajiulize mambo manne. Fedha zimetoka wapi? Nani ana haki juu yake ambayo bado haijatimizwa? Nitaweza kulitunza bila kuwanyima watoto wangu? Na je, lingekuwa halionwi na mtu yeyote, ningelinunua bado? Akijibu kwa ukweli na moyo wake ukatulia, basi alinunue, aseme dua ya kupanda chombo na amshukuru Mola wake. Kisha alifanye thawabu: ampakie mzee anayerudi kutoka sala ya Alfajiri, na usiku jirani akishikwa na uchungu wa uzazi, amkimbize Hospitali ya Mount Meru bila kuulizia mafuta. Gari la namna hiyo litamshuhudia vizuri mwenyewe, liwe BMW au Vitz.

Mwenyezi Mungu atujaalie mali ya halali iliyo mikononi mwetu, wala isiwe mioyoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.